Sura ya Saba: Seng'enge Iliyolala kwa Ndani

Mlinzi Bujiku alisukuma komeo la geti, akapachika kufuli na kulivuta kuona kama limeshika. Alipogeuka alimkuta Inspekta Melania amesimama nyuma yake, anamtazama.

"Na sisi unatufungia?"

"Samahani, afande. Mazoea."

"Tukitaka kutoka?"

"Mnaniambia, nafungua."

Alirudi kwenye benchi lake chini ya kivuli cha tangi la maji, akaketi. Melania alilitazama benchi lile. Mlinzi alikuwa ameligeuzia geti mgongo, uso wake umeelekea nyumba.

Koplo Zipora alikuwa akimsubiri ukumbini na maelezo yake tayari. Raudha, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Tanga, alikuja Kahama na mumewe kwa likizo, kumwona mdogo wake aliyejifungua. Walipanga sehemu moja ya nyumba hii ya Nyahanga, iliyowekwa samani na kukodishwa kwa wageni. Jana mchana mume, Salmini, alikwenda sokoni kununua samaki. Bujiku alimfungulia akatoka, akamfungulia akarudi. Kati ya hapo geti halikufunguliwa kwa mtu mwingine, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara alisema vivyo hivyo. Kimlango cha nyuma, kilichoelekea kwenye kiwanja cha matofali cha mwenye nyumba, kilikutwa na kufuli. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Salmini alipoingia hakumkuta mkewe, na simu yake ilikuwa haipatikani. Mpaka asubuhi hii hali ilikuwa hiyo hiyo.

"Ni huyu mume," Zipora alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna mwingine mwenye nafasi. Alimtoa mapema, kisha akaja kupiga kelele."

"Bujiku anasema alimwona mwanamke akianua nguo baada ya mume kutoka."

"Bujiku anaweza kuwa amepewa kitu."

"Anaweza. Lakini tuanze kwa kudhani amesema kweli. Ikishindikana ndipo tumgeukie yeye."

"Mkuu wa upelelezi anataka huyu bwana afikishwe kituoni kabla ya mchana, afande."

"Nimesikia."

Salmini alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti. Kijana wa miaka thelathini na kidogo, muuza vipuri vya pikipiki, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Samaki aliowanunua walikuwa bado jikoni ndani ya mfuko, na harufu ilikuwa imeanza kuenea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Hapana."

"Nieleze mlivyoipata nyumba hii."

Salmini aliinua uso. "Mke wangu hayupo, wewe unaniuliza habari za nyumba?"

"Mkeo simwoni. Nyumba naiona. Anza na ninachokiona."

Akaeleza. Mdogo wake Raudha aliishi chumba kimoja, mtoto mchanga na mama mkwe humo humo, kwa hiyo wageni hawakuwa na pa kulala. Wakampata dalali anayeitwa Abel. Walimpa sharti moja tu, mtaa uwe salama.

"Watu wa kwetu wakisikia Kahama wanasikia dhahabu. Wakisikia dhahabu wanasikia mapanga. Mama yangu aliniambia, usimlaze mtoto wa watu ovyo. Abel akatuonyesha nyumba mbili, moja Nyasubi, nyingine hii."

"Ya Nyasubi ilikuwaje?"

"Karibu na soko. Haina ukuta. Wanawake wanasukana nywele barazani. Kabla hatujaona chumba, mwenye nyumba alishatuuliza sisi ni nani, tumetoka wapi, tutakuwa tunarudi lini jioni. Mimi nikasema hapana, hawa hata chumvi tukinunua watajua. Nikaja kuona huku: ukuta, mlinzi, nondo, kimya. Nikasema hapa."

"Na Raudha?"

Salmini alijisugua uso kwa viganja. "Yeye alitaka Nyasubi."

Melania alimwacha apumue. "Jana ulipoingia, kitu cha kwanza ulichokiona ni nini?"

"Makubazi yake. Yapo pale mlangoni mpaka sasa. Nikajua yumo ndani. Nikaita. Nikaingia jikoni, mlango wa uani ulikuwa umerudishiwa tu. Nikatazama kwenye ujia, hakuna mtu."

Melania alikwenda kuyatazama. Makubazi ya ngozi yenye kamba nyekundu, yamewekwa sawasawa pembeni mwa zulia la mlangoni.

"Alikuwa na viatu vingine?"

"Vya safari, viko kwenye begi. Ndani hatuvai viatu."

"Ndiyo maana nasema alibebwa," Zipora alinong'ona. "Hakuna anayetoka peku kwenda mjini."

"Au hakutoka," Melania alisema, lakini kwa namna ya mtu anayejaribu neno mdomoni, si kulisimamia.

*

Dalali Abel alifika na bajaji, shati jeupe limenyooshwa, simu mbili mkononi. Aliwaamkia wote, hata Bujiku aliyekuwa mdogo kwake kwa umri.

"Inspekta, mimi mteja akisema salama, namletea salama. Kahama nzima hupati nyumba kama hii. Hata paka haingii."

"Na paka wa ndani anatoka?"

Abel alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka. "Mwenye nyumba ni Mzee Selestine, mtu wa watu. Yupo nje hapo ndani ya gari lake tangu jana. Ameumia sana na jambo hili."

"Kwa nini haingii?"

"Hataki kuwasumbua."

Melania alilitunza hilo pia akilini. Kisha akamwambia Abel ampeleke kwenye nyumba ya Nyasubi, ile iliyokataliwa.

"Kule? Kule hakuna kitu, Inspekta."

"Mwanamke alitaka kukaa kule. Kama alipata njia ya kutoka hapa, huenda ndiko alikokwenda."

Bujiku akawafungulia. Geti lilipofungwa nyuma yao, Melania alisikia kufuli likivutwa.

Nyasubi walikuta baraza kama Salmini alivyolieleza. Mwanamke mnene mwenye kitenge cha kijani alikuwa amekaa juu ya kigoda, kichwa cha jirani yake katikati ya magoti, anasuka. Wawili wengine walikuwa wakichambua mchele. Mikono yote ilisimama bajaji iliposimama.

"Abel, umerudi?" alisema yule wa kitenge. "Wale wageni wangu uliwapeleka kufungiwa wapi?"

"Mama Mbuke, jamani, nimekuja na serikali, punguza."

"Serikali mwenyewe namwona. Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," Melania aliijibu salamu ya Kisukuma. Alivutiwa kigoda, akaketi. Hakutaja kazi yake mpaka alipoulizwa afya, watoto na hali ya mvua huko atokako. Kisha akauliza kama yule mgeni wa Tanga amefika hapa.

"Bado. Ila namtegemea leo. Nimeshamtandikia."

"Nani amekwambia anakuja?"

"Yeye mwenyewe. Jana alinipigia, mchana, akasema ameshaswali. Akauliza, mama, kile chumba bado kipo? Nikamwambia kipo. Akasema, siku ya pili sasa jikoni kwetu kuna kitu kinagonga chini ya sakafu. Nikamwambia ni panya. Akacheka, akasema, panya wa Kahama wana nyundo?"

Waliokuwa wakichambua mchele wakacheka. Mama Mbuke hakucheka; alikuwa ameanza kuusoma uso wa Melania.

"Akasema nini tena?"

"Akasema kimenyamaza sasa, na huko nyuma kuna mlango umeachwa wazi. Akasema, mume wangu bila kuona haamini, ngoja nikampigie picha. Akakata." Mama Mbuke aliuachia msuko. "Mayu, kuna nini?"

"Haonekani tangu wakati huo."

 Sokoni mtu alikuwa akitangaza bei ya nyanya kwa kipaza sauti.

"Angekuwa hapa angepiga mwano, yowe la kuomba msaada," Mama Mbuke alisema, "na mimi na hawa wote tungeshatoka mbio, hata aliyeko bafuni. Huko kwenu kwa kuta, mwanamke akipiga kelele, jirani anaongeza sauti ya televisheni. Wewe Abel! Nilikwambia nini siku ile?"

Abel alitazama simu zake. Zote mbili zilikuwa zimezima skrini.

*

Waliporudi Nyahanga, Melania hakugonga geti. Alitembea taratibu kuuzunguka ukuta, kichwa juu, mpaka akarudi alipoanzia. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa chini ya mti wa mkorosho barabarani, na mzee mwenye kofia ya pama ndani yake alipunga mkono. Melania alimpungia.

"Abel. Ukijenga ukuta kumzuia mwizi asiingie, vile vyuma vya kushikia seng'enge unavilaza upande gani?"

"Nje. Akipanda vimkute usoni."

"Tazama hivi."

Abel alitazama. Vyuma vyote vilikuwa vimeinama kuelekea uani, na seng'enge imelala juu yake kwa ndani.

"Labda fundi alikosea."

"Pande zote nne?"

 Abel aliingiza shati vizuri kwenye suruali, kama mtu anayeona nguo yake imemshika mahali.

Melania alikuwa ameshaona ukuta wa namna hiyo, huko Geita, kwenye mialo, viwanja vya kusagia mawe na kuchenjulia dhahabu. Pale hofu kubwa ya tajiri si mwizi wa nje. Ni mfanyakazi wa ndani, anayeweza kurusha jiwe lenye dhahabu juu ya ukuta, mwenzake akaliokota upande wa pili, au kuruka nalo yeye mwenyewe. Kwa hiyo seng'enge huinamishwa ndani, na mlinzi hukaa akiwatazama watu wake. Lakini hapa hapakuwa mwaloni. Hapa palikuwa na mapazia ya maua na kitanda cha sita kwa sita.

Simu ya Zipora ililia walipoingia uani. Alisikiliza, akasema "ndiyo, mkuu" mara kadhaa, akaifunika kwa kiganja. "Anauliza kama tumeshaondoka na mtuhumiwa."

"Mwambie tunakagua mara ya mwisho."

"Tumeshakagua kila chumba, afande."

"Twende nikuone ulivyokagua."

Mlango wa nyuma wa jiko ulifunguka kwenye ujia mwembamba wa saruji, ukuta huku, ukuta huku, juu bati. Mwanga ulikuwa kidogo, na hewa ilikuwa imetulia kama ya ndani ya sanduku. Upande mmoja ujia ulifika kwenye kimlango cha kiwanja cha matofali. Upande mwingine uliishia kwenye stoo. Melania alipiga magoti mbele ya kizingiti cha stoo. Sakafu ya hapo ilikuwa na vumbi jepesi la kijivu, na ndani ya vumbi kulikuwa na alama safi, mbili mbili, zimepangwa kando ya ukuta. Kila alama ilikuwa na umbo la kiatu.

"Zipora, hapa ni msikitini?"

"Hapana, afande."

"Kuna mtu analala humu?"

"Hapana. Ni stoo. Saruji tu."

"Basi kwa nini watu wanavua viatu hapa, kila siku, mpaka sakafu imeshika mahali pake?"

Zipora aliinama kuangalia. Kisha akaitoa simu sikioni na kuizima.

Ndani ya stoo viroba vilikuwa vimepangwa katikati ya chumba mpaka kifuani. Melania alilishangaa hilo kidogo. Mwenye saruji huipanga ukutani, apate pa kupita. Alitoboa kiroba kimoja kwa ufunguo wa gari. Mchanga wa mawe yaliyopondwa ulimwagika, wa kijivu, wenye vimetameta.

"Kamwite Mzee Selestine. Mwambie namwomba."

*

Selestine aliingia akiwa ameshika kofia yake mkononi. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, na alianza kwa pole nyingi. Salmini alikuwa amewafuata mpaka kwenye ujia. Selestine alimpa pole na yeye, akamshika bega.

"Mzee, saruji yako imekuwa mawe," Melania alisema.

"Ni mchanga wa kujengea, mama."

"Mchanga wa kujengea unafungiwa chumbani?"

"Siku hizi wanaiba kila kitu."

Hata Salmini alitaka kutabasamu. Melania alisubiri mpaka wote wakatulia.

"Chini ya viroba hivi kuna duara."

"Duara? Shimo la wachimbaji? Mama, hapa ni makazi ya watu. Mimi nafanya biashara ya wageni. Muulize Abel."

Abel, aliyekuwa mwisho wa ujia, alisema haraka, "Mimi sijawahi kufika huku nyuma. Wallahi na Biblia."

"Mzee wangu," Melania alisema, "habari za leseni na kuchimba mtaani, wapo watakaokuja kukuuliza. Sitakudanganya kwamba hawaji. Ila mimi leo natafuta mtu."

"Mtu hayumo humo. Hilo nakuhakikishia."

"Humo wapi?"

 Kidole cha Selestine kilikuwa kikizunguka ukingo wa kofia.

"Unajuaje kwamba hayumo?"

"Najua tu."

"Kwa viatu?"

Kidole kikasimama.

Melania aliegemea ukuta. Alizungumza polepole, na Zipora baadaye alikumbuka kwamba hakupandisha sauti hata mara moja. "Miaka ile nikiwa konstebo, duara lilititia huko Geita. Hakuna aliyejua nani yuko chini, maana watu walikuwa wanabadilishana zamu. Wake zao walikuja wakasimama mdomoni mwa shimo, kila mmoja akatafuta ndala za mumewe. Anayezikuta analia, asiyezikuta anakwenda kumtafuta kilabuni. Hapo nikajifunza. Mchimbaji anashuka na mabuti au peku, viatu vyake anaviacha juu. Viatu vikiisha, watu wameisha, mnafunga. Ndivyo mnavyofanya hapa?"

Selestine alimtazama Bujiku, aliyekuwa amekuja na kusimama nyuma ya wote. Bujiku alitazama chini.

"Ndivyo," Selestine alisema mwishowe. "Ndiyo maana nakwambia, mama, hayumo. Jana umeme ulikatika. Mashine ya hewa ikazimika, vijana wakapanda juu, wakapita kule nyuma kwenda kula. Nilikuja na mwenzangu Marselino, tunashirikiana. Tukaangalia hapa kizingitini, hapakuwa na ndala hata moja. Tukafunika na bati la chuma, kila mmoja akatia kufuli lake, kama kawaida, ili mmoja asishuke bila mwenzake. Hatukusikia mtu. Jenereta la jirani lilikuwa linanguruma."

"Viroba je?"

"Huyu bwana alipotoka kwenda polisi akilia anamtafuta mkewe, nikajua mtakuja. Nikawaita vijana wapange viroba juu, mdomo usionekane. Basi. Mimi sijamgusa mke wa mtu. Nimekaa garini usiku kucha na leo, naomba aonekane huko alikokwenda, ninyi muondoke."

"Vijana walipokwenda kula, kabla hamjafika, mlango huu ulikuwaje?"

Selestine alifikiri. "Wazi. Walijua tunakuja kufunga."

"Na shimo?"

"Wazi."

Melania alitoka. Walisikia hatua zake zikipita jikoni, ukumbini, kisha zikirudi. Alikuwa ameshika makubazi yenye kamba nyekundu. Hakuyainua kuyaonyesha, aliyaweka tu mikononi mwa Selestine, juu ya kofia.

"Haya yalikuwa mlango wa mbele, mzee. Hawa ni watu wa pwani, ndani ya nyumba hawavai viatu. Kutoka jikoni kwake mpaka hapa ni ndani tupu. Amesikia mnagonga chini ya miguu yake siku mbili, mumewe hamwamini. Jana kimya, mlango wazi. Amekuja kupiga picha. Amekuja peku."

Selestine aliyatazama makubazi. Aliyatazama kwa muda, kama mtu anayesomewa jina lake mahali asipolitarajia. Kisha akayabana makubazi na kofia kwapani, akashika ukuta, na kwa mkono wa pili akaanza kuvuta kamba iliyokuwa shingoni mwake chini ya shati. Mwisho wa kamba kulikuwa na ufunguo.

"Hazikuwepo," alisema. "Mama, ndala hazikuwepo."

Salmini alikuwa ameshafika kwenye viroba. Alikuwa akivitupa bila kuangalia vinakoangukia, na kimoja kilimpata Zipora mguuni. Zipora hakulalamika, alikishika cha pili. Bujiku akaingia, na Abel na shati lake jeupe, wakawa wanapokezana kwenye ujia ule ambao watu wawili hawakuweza kupishana. Vumbi liliwafanya wote wa rangi moja.

Bati la chuma lilitokea. Bomba la plastiki lilipita kwenye tundu la pembeni kuingia chini, nalo lilikuwa kimya. Kufuli la Selestine lilifunguka mara moja.

"La Marselino?"

"Ufunguo anao. Amekwenda Geita tangu jana, aliposikia polisi."

"Nyundo na tindo," Melania alisema, na Bujiku alikuwa ameshakimbilia kiwanja cha matofali.

Kufuli lilikuwa la kazi, zito. Bujiku alipiga, na kila alipopiga Salmini alifumba macho. Zipora alisimama akiwa ameiweka mikono kiunoni na kuitoa, kuiweka na kuitoa. Hakuna aliyemtaja tena mkuu wa upelelezi. Kufuli liliposalimu amri, walilisukuma bati kando, na hewa ya shimo ikapanda, ya moto na yenye harufu ya baruti na jasho.

Melania alilala kifudifudi ukingoni. "Raudha!"

Giza. Ngazi ya magogo ilionekana mwanzo tu.

"Raudha!" Salmini aliita. Sauti yake ilishuka, ikarudi.

Hakuna.

"Msishuke," Bujiku alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusikika akitoa amri. "Hewa imelala. Wa kwanza kushuka ataanguka juu yake. Washeni mashine kwanza."

Umeme ulikuwa umerudi; Selestine mwenyewe ndiye aliyewasha. Mashine ilinguruma, bomba likajaa na kukakamaa kama mshipa. Walisimama kulizunguka shimo wakisubiri, hakuna aliyemtazama mwenzake. Salmini alikuwa akisema kitu chini kwa chini, midomo ikicheza tu. Hatimaye Melania aliinua mkono, Selestine akazima, na kimya kikarudi kizito kuliko kwanza.

Kisha bomba likatikisika.

Halikutikiswa na upepo. Mtu alilivuta kutoka chini, akaliachia, akalivuta tena.

Salmini alijitupa ukingoni, Zipora akamshika mkanda wa suruali asiteleze. "Raudha! Raudha!"

Walisikia kikohozi kwanza, kirefu, kikavu. Halafu sauti ya mwanamke, nyembamba, imekwaruzika kwa kupiga kelele za mchana na usiku ambazo hakuna aliyezisikia.

"Salmini?"

"Nipo! Nipo hapa juu!"

"Mguu wangu umevunjika." Akakohoa tena. "Maji."

"Tunashuka. Tunashuka sasa hivi, mke wangu."

Kikafuata kimya, wakadhani amezimia. Kisha sauti ilipanda tena, polepole, neno kwa neno.

"Si nilikwambia Nyasubi?"

Salmini aliweka paji la uso kwenye sakafu, mabega yakawa yanatikisika. Abel aligeuka akatazama ukutani.

Zipora alikuwa ameshatoka nje na simu, anaita gari la wagonjwa. Alirudi akasimama karibu na Melania, akatazama mahali ambapo Salmini alikuwa amelala kifudifudi. "Ningekuwa nimeshamfikisha kituoni, afande," alisema. "Sote tungekuwa tumeondoka."

"Ungekuwa umefuata ulichokiona. Mpe maji, na yeye pia hajanywa."

Mashine iliwashwa tena. Bujiku alijifunga kamba kiunoni, akatia chupa ya maji kifuani ndani ya shati. Kabla ya kuweka mguu kwenye gogo la kwanza alisita, akarudi mpaka kizingitini, akavua yeboyebo zake za bluu, akaziweka kando ya ukuta juu ya alama mojawapo, sawasawa. Ndipo akashuka.

Salmini alimtazama mpaka kichwa kikapotea. Aliinuka, akamwendea Selestine aliyekuwa bado amekumbatia kofia na makubazi, akanyoosha mkono. Selestine akampa. Salmini akayaweka makubazi ya mkewe kando ya yeboyebo za Bujiku, akaketi mbele ya viatu hivyo.

Huko nje mtu alikuwa akiligonga geti kwa fujo, sauti ya yule mwanamke wa Nyasubi ikiuliza mpangaji wake yuko wapi. Mlinzi alikuwa chini ya ardhi. Melania alikwenda mwenyewe kulifungua, na alipolifungua aliliacha hivyo hivyo.